Namna ya kuipima barua ya siasa gazetini kabla hujaikubali au kuijibu

Gazeti likishavuka kutoka Mokowe, upande wa bara, na kufika Mkunguni, uwanja wa mji wetu wa Lamu, nakala moja husomwa na watu wengi. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza, na ukurasa unaochemsha baraza kuliko yote ni ule wa barua za wasomaji. Hapo ndipo mtu wa Faza au wa Hindi, humu humu kaunti ya Lamu, anapoisuta serikali kwa jina lake, au kwa jina la kubuni. Ikifika alasiri, maoni ya mtu mmoja yameshageuka kuwa habari. Ukibisha unajibiwa neno moja: "Imo gazetini!"

Imo, kweli. Lakini barua haikufanyiwa kazi na ripota. Hakuna aliyempigia simu anayelaumiwa kumuuliza upande wake. Mhariri ameisoma, labda ameipunguza na kuondoa maneno yanayoweza kulifikisha gazeti mahakamani, basi. Kazi ya kuipima umeachiwa wewe. Utahitaji kalamu, gazeti ambalo mwenyewe hatakasirika ukiliandika pembeni, na muda wa kusoma barua mara mbili.

Tufanye kazi na barua ya mfano. Hii nimeitunga mimi, wala sidhani kama kuna sentensi yake ambayo hujawahi kukutana nayo:

"Mhariri, (1) tangu bandari ifunguliwe 2021 samaki wamekwisha, kwa hiyo bandari ndiyo iliyowamaliza. (2) Nimezungumza na wavuvi watatu wa Shela na wote wamesema hivyo hivyo. (3) Wanaoitetea bandari ni walewale waliotetea mtambo wa makaa ya mawe, wakaumbuliwa mahakamani. (4) Gavana aliyetuletea bandari hii yuko wapi? (5) Ama bandari ifungwe, ama Waamu tukubali kufa njaa. (6) Wahenga walisema, lisemwalo lipo. Mwananchi Aliyechoka, Lamu."

Kwanza: jua unatakiwa ukubali nini

Pembeni ya barua andika: "Mwandishi anataka nikubali kwamba…" kisha umalizie. Ukishindwa kumalizia, ulichosoma ni hasira. Hasira ina haki ya kuchapishwa, ila haina hoja ya kupingwa, na anayeijibu kwa vifungu vya sheria anajichosha bure.

Barua yetu ukiimalizia utaona ina madai mawili yaliyofungwa pamoja: kwamba bandari imemaliza samaki, na kwamba bandari ifungwe. Yatenganishe. La kwanza linaweza kuwa kweli na la pili likawa halifai, na barua nyingi za siasa hupitisha la pili mgongoni mwa la kwanza. Unaonyeshwa tatizo ambalo kila mtu analiona, unatikisa kichwa kukubali, na kabla hujaacha kutikisa umeshauziwa dawa.

Pili: pita sentensi moja moja ukiuliza "imefikaje hapa?"

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usiwe na haraka.

Sentensi ya 1 inasema hiki kilitangulia, kile kikafuata, basi hiki ndicho kilichosababisha kile. Gati la kwanza lilizinduliwa tarehe 20 Mei 2021. Mei ni kusi, msimu wa upepo mkali na bahari chafu. Mvuvi wa dau anayelinganisha alichopata Februari, bahari ikiwa shwari ya kaskazi, na alichopata Juni, ataona kimepungua hata kama pale Magogoni, bandari ilipojengwa, hapakuwekwa jiwe hata moja. Kulinganisha kwa haki ni Juni kwa Juni, na si Juni moja tu. Halafu kuna mambo mengine ya kuulizia: idadi ya vyombo vinavyokwenda baharini, watu wanaokokota juya, yaani wavu wa kukokota, mpaka vifaranga wakapanda, na ile marufuku ya kuvua usiku iliyowekwa 2011 kwa sababu za usalama, ikadumu miaka kadhaa na kuwabadilishia wavuvi mahali na wakati wa kuvua.

Lakini usikimbilie kucheka. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki za watu wa Lamu zilikiukwa katika ujenzi wa bandari hiyo, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Tazama tarehe: 2018, miaka mitatu kabla ya gati kufunguliwa. Hasara iliyozungumzwa mahakamani ilitokana na ujenzi wenyewe, kuchimba kina cha bahari na kukata mikoko, wala haikungoja meli ya kwanza itie nanga. Kwa hiyo Mwananchi Aliyechoka ana kesi nzuri kuliko anavyojua, ila ameijenga juu ya tarehe isiyofaa. Mtetezi wa bandari atamjibu kwa kusi na kaskazi, baraza litacheka, na lalamiko la haki litazikwa hapo hapo. Hili naliona ndilo dhara kubwa la hoja mbovu. Mpinzani haumizwi nayo hata kidogo, anayeumia ni yule unayemtetea.

Sentensi ya 2 ni ya wavuvi watatu. Watatu si lazima wawe wachache mno, inategemea unauliza nini. Ukitaka kujua kama kuna mvuvi yeyote aliyepata hasara, mmoja anatosha. Ukitaka kujua hali ya uvuvi wa Lamu nzima, watatu wa kijiji kimoja hawatoshi, na Shela hasa, ambako wengi wanaishi kwa wageni na mahoteli, si pa kuanzia. Bandari iko ng'ambo, upande wa bara, kwenye ghuba ya Manda. Angemuuliza mwenye jarife (wavu mkubwa) wa Matondoni, mwenye malema (mitego) wa Pate, na wavuvi wa kamba wa Kizingitini. Watu tofauti wenye zana tofauti wakisema jambo moja bila kupangana, hapo neno lina uzito.

Sentensi ya 3 inamhukumu mtu kwa jirani zake. Mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, uliokusudiwa kutoa megawati 1,050, ulifutiwa kibali cha mazingira Juni 2019 na jopo la rufaa za mazingira, sababu kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Uamuzi huo ulihusu kibali kile. Haukusema chochote kuhusu ukweli au uongo wa mtu anayeitetea bandari leo. Inawezekana mtu alikosea Kwasasi na amepatia Magogoni.

Hata hivyo, si kila anayemtaja mtu amekosea mantiki. Mwandishi akisema "niaminini, mimi ni mhandisi," kuuliza kama kweli ni mhandisi ni halali kabisa. Mtu anagombea kiti cha kushika fedha za umma, basi namna alivyoshika fedha za umma zamani ndiyo mada yenyewe, na Katiba ina sura nzima, ya sita, kuhusu uadilifu wa viongozi. Kipimo changu ni hiki: ukilifuta jina la mtu kwenye barua, hoja inabaki imesimama? Ikibaki, jina halikuwa na kazi. Ikianguka, rudi utazame kama sifa ya mtu huyo ndiyo iliyokuwa ikijadiliwa.

Sentensi ya 4 ni mlango usio wake. Mradi wa LAPSSET, yaani ule wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ambao bandari hii ni sehemu yake, ulizinduliwa hapa Lamu Machi 2012 na Rais Mwai Kibaki pamoja na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia. Wakati huo hakukuwa na gavana yeyote Kenya. Magavana wa kwanza walichaguliwa Machi 2013. Kosa hili ni la kila wiki kwenye kurasa za barua, na dawa yake ni Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linalogawa kazi. Polisi, shule za msingi na za upili, bandari ya meli za kimataifa: serikali ya kitaifa. Zahanati, chekechea, takataka, uvuvi, vivuko: kaunti. Ukisoma barua inayomlaumu gavana kwa upungufu wa walimu wa sekondari, huna haja ya kuendelea na aya ya pili. Bado gavana anaweza kulaumiwa kwa kunyamaza, kwa kutowasemea watu wake, lakini hilo ni shtaka jingine na linataka ushahidi wake.

Sentensi ya 5, ama hivi ama vile. Hesabu njia zilizoachwa: fidia ilipwe, wavuvi wapewe vyombo vya kufika bahari kuu, njia ya meli itengwe na maeneo ya kuvua, vijana wa hapa waajiriwe. Ukipata hata moja inayowezekana, "ama" imevunjika. Hii ndiyo rahisi kuliko zote kuikamata, sina la kuongeza.

Tatu: methali si shahidi

Sentensi ya 6 nimeiwekea sehemu yake kwa sababu ni ugonjwa wetu wenyewe. Sisi watu wa pwani neno likikaa vizuri tunaliamini. Mwanzoni mwa karne ya 19, enzi za vita vya Shela, Lamu na Mombasa walikuwa wakipelekeana mashairi ya kisiasa, huyu akitupa fumbo na yule akilifumbua kwa kejeli kali zaidi, na aliyeshinda kwa ubeti alihesabiwa ameshinda. Barua ya gazeti imerithi tabia hiyo. Ikiwa na methali tatu na kijembe kimoja cha kuchoma, baraza litaisifu kabla ya kuuliza imesema nini.

"Lisemwalo lipo, kama halipo laja" ni hatari hasa, maana inageuza uvumi kuwa ushahidi wa uvumi. Mtu yeyote anaweza kuanzisha neno leo kwa mdomo wake, kesho akalitaja kuwa linasemwa, na keshokutwa methali ikamtolea ushahidi.

Njia ya kuipima ni kutafuta methali inayoipinga, na kwa Kiswahili huikosi. Anayetaka mradi usimame ataandika haraka haraka haina baraka. Anayetaka uendelee ataandika ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote mbili ni za wahenga walewale, na haziwezi kuwa ushahidi kwa pamoja. Ifute methali, usome kilichobaki. Kama kilichobaki ni salamu na jina la mwandishi, umeshapata jibu.

Nne: kila tarakimu iulize "ukilinganisha na nini?"

Mfano mmoja unatosha. Mtu anaandika: "Kilifi wanapata mabilioni kuliko sisi, Lamu tunabaguliwa." Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 Lamu na 1,453,787 Kilifi. Watu wa Kilifi ni kama mara kumi ya wetu. Kwa hiyo kusema tu kwamba fungu lao ni kubwa hakutuambii kama tumebaguliwa. Gawa kwanza kwa idadi ya watu, na huenda ukakuta kwa kichwa mambo ni kinyume cha ulivyodhani. Halafu mwandishi wa Malindi naye, ambaye yuko Kilifi, atageuza hesabu hiyohiyo na kusema wao ndio wanaoonewa kwa sababu wanapata kidogo kwa kila mtu. Yeye naye umuulize: gharama ya kufikisha dawa Kiunga na gharama ya kuifikisha Malindi mjini ni sawa? Idadi ya watu ni kigezo kimojawapo tu.

"Maradufu" nayo ichunguze. Wizi wa mashine za boti ukitoka kesi mbili ukafika nne, umeongezeka maradufu, na bado ni kesi nne.

Tano: pigia mstari kila "wao"

Chukua kalamu uzungushe kila "wao", "wale", "hawa watu", "wageni", "wenyeji". Mbele ya kila kimoja andika majina au cheo: nani hasa? Ukishindwa, umekuta mahali ambapo kosa la mtu mmoja au la ofisi moja limetandazwa juu ya kabila, dini au mtaa mzima. Fanya vivyo hivyo kwa "inasemekana" na "imebainika". Nani amesema, nani amebaini?

Kwetu hili si zoezi la darasani. Baada ya mauaji ya Mpeketoni, Juni 2014, kila mtu alikuwa na "wale" wake, na majirani waliokuwa wakiuziana samaki na mahindi wakaanza kutazamana kwa jicho jingine. Habari za ardhi ya Lamu ni ndefu na kuna madai ya kweli ndani yake, ila dai la ardhi huthibitishwa kwa hati, ramani na ushahidi wa waliokuwepo. "Babu yako hakuzaliwa hapa" hakukanushi hoja ya mtu kuhusu maji ya bomba. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wako wa kusema, na kifungu hichohicho kinatoa nje uchochezi wa chuki. Barua ikifika huko usiijibu gazetini hata kwa nia njema, maana jibu lako litaisambaza.

Sita: thibitisha jambo moja

Huwezi kuthibitisha yote. Chagua dai moja ambalo likianguka barua yote inaanguka nalo, ulifuate hilo tu. Kwa fedha za kaunti kuna ripoti za Msimamizi wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, zote ziko wazi mtandaoni. Angalia usichanganye "fedha zilizotengwa" na "fedha zilizotumika". Nusu ya ugomvi wa bajeti magazetini unatoka hapo.

Ukikosa, andika barua ya kuomba. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwa ofisi ya umma kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi inatakiwa ishughulikie ombi ndani ya siku 21. Taja unachotaka kwa udogo wake: "nakala ya orodha ya vituo vya kuteremshia samaki vilivyojengwa mwaka wa fedha fulani na gharama ya kila kimoja." Ukiandika "taarifa zote kuhusu uvuvi" umewapa sababu ya kukuzungusha. Hifadhi nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Saba: ukiamua kujibu

Anza kwa kusema hoja ya mwenzako kwa namna ambayo yeye mwenyewe akisoma atasema "naam, ndivyo nilivyosema". Hili ni gumu kuliko linavyosikika. Wengi wetu tunaanza kwa kuitia chumvi hoja ya mtu kisha tunaishinda ile yenye chumvi. Mtu ameandika kwamba bandari ilipe fidia, wewe unajibu "kuna watu hawataki maendeleo". Umemjibu mtu ambaye hajaandika.

Kubali lililo kweli, mapema, bila kigugumizi. Kisha shika kosa moja. Ukishika matano mhariri atakata manne, na huenda akabakisha lililo dhaifu. Usilitaje kosa kwa jina la kisomi. Aliyesoma mantiki chuoni atakuelewa, wengine wataona unajitanua. Onyesha tu mahali hoja ilipokatika.

Na usiseme kwamba kwa kuwa hoja ni mbovu, basi alichokisema ni uongo. Tumeshaona hapo juu: hoja ya samaki ilikuwa mbovu, na wavuvi walikuwa na haki.

Jibu la barua yetu linaweza kuwa fupi hivi:

"Mhariri, Mwananchi Aliyechoka ameandika kwamba bandari imewaumiza wavuvi. Nakubaliana naye: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru walipwe takriban shilingi bilioni 1.76. Lakini kumlaumu gavana kwa kuileta bandari si sawa, kwa sababu mradi ulizinduliwa 2012, kabla ya kaunti kuwapo. Tukiilekeza lawama kaunti tunawapunguzia mzigo waliopaswa kulipa. Naomba serikali ya kitaifa ichapishe orodha, kijiji kwa kijiji: nani amelipwa, kiasi gani, na nani bado."

Tia jina lako halisi na simu kwa ajili ya mhariri, hata kama unaomba jina lisichapishwe. Epuka kumwita mtu mwizi kama huna hukumu ya mahakama mkononi; andika kilichofanyika na tarehe yake, msomaji atajipatia neno mwenyewe. Barua uliyoandika usiku isitumwe usiku.

Ikichapishwa, linganisha na nakala uliyobaki nayo. Wahariri wanaokata maneno ili barua ienee kwenye nafasi hupenda kuanza na "takriban", "huenda" na "kwa kadiri nilivyopata", wakiyaona ni mapambo. Dai lako la tahadhari likitoka gazetini kama dai la uhakika, mwandikie mhariri siku hiyohiyo uombe sahihisho. Akichelewa, wapelekee barazani nakala yako ya awali waisome na hiyo.